Bia ya Bomba Haisafiri

9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na ya nyumbani, maana ukikuta bia kwenye mstari wa kwanza utasema dada yako hakunifunza adabu. Sisi wazima. Nyonga ya Mama imetulia tangu aache kubishana na daktari. Fimbo bado anayo, ila anaitumia zaidi kuninyooshea mimi kuliko kutembelea. Anakusalimu, na anauliza kwa nini tangu mwaka jana barua zako zimekuwa fupi kama risiti. Mkaza mjomba hajambo? Paa la jikoni mmeshaliziba?

Haya. Sasa nivumilie, maana sijui nianzie wapi, mimi uliyenibandika jina la Kidomo kabla sijaota meno ya mbele.

Matangi tulimaliza kuyafunga mwaka jana. Mbia wangu, yule mchomeleaji tunayemwita Kaptura kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ndani ya suruali ndefu, alichomelea bomba la mwisho mwezi wa kumi. Kwenye tangi la kwanza tukapika kile ulichonikataza nisikiguse mpaka nikomae: laga nyepesi. Kimea cha shayiri kilichokaushwa kidogo tu, maua ya hopsi ya kutia uchungu, kwa kiasi, maji, hamira, basi. Tukailaza kwenye baridi. Kila asubuhi Kaptura alikuwa anaweka sikio kwenye tangi, na kila asubuhi nilimfukuza.

Juzi, baa haijafunguliwa na viti bado vimepandishwa juu ya meza, nikavuta mkono wa bomba. Glasi ya kwanza ilitoka povu tupu, nikamwaga. Ya pili ikajaa. Nikaiinua mbele ya dirisha, na kupitia bia nikaona vidole vya Kaptura upande wa pili, mpaka lile kovu la kidole gumba. Dhahabu tupu, Mjomba. Nikanywa. Kaptura akauliza, "Vipi?" Nikashindwa kujibu. Akauliza tena. Alidhani nimepaliwa, akaanza kunipiga mgongoni.

Ni tamu. Ni tamu sana, mpaka nikaingiwa na woga. Niliitazama mikono yangu nisiamini kwamba ndiyo iliyoipika.

Ndiyo maana nakuandikia. Bomba nimelifunga, na hakuna atakayeonja mpaka uje. Umewaonjea watu wa kiwanda kikubwa maisha yako yote ya kazi. Walikuita Pua, na meneja mwenyewe alikuwa anasimama nje ya mlango akingoja useme "itoke" au "imwagwe". Nami nataka neno hilohilo. Ukisema itoke, nafungua. Ukisema imwagwe, namwaga tangi zima na sitakununia. Kaptura ananung'unika kwamba namchelewesha, lakini amekubali. Njoo.

Mpwa wako,
Kidomo


2 Machi

Kidomo, mpwa wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Anasema paa halijazibwa, na amenisimamia hapa niandike kwamba halijazibwa kwa uvivu wangu. Nimeandika. Dada yangu mwambie barua fupi huandikwa na watu wenye shughuli.

Kuhusu kuja, kuna goti. Goti la kushoto siku hizi lina maamuzi yake, na safari ya basi ni ya kutwa nzima. Halafu kuna hilo paa. Halafu kuna mambo mengine. Usinilazimishe.

Lakini bia. Umeniandikia kurasa mbili, na neno ulilolibebesha bia nzima ni "tamu". Usingizi ni mtamu. Umbeya ni mtamu. Mtu akiniambia bia ni tamu hajaniambia kitu.

Unajua kwa nini nilikukataza laga nyepesi? Bia nyeusi ina pa kujificha, ukiunguza kimea utasema ulikusudia. Bia ya matunda ukikosea utaongeza tunda. Laga nyepesi haina nguo. Ukiharakisha inasema, ukizembea usafi inasema, ukiwa na hasira siku ya kupika nayo inasema. Nimeonja kwa miaka mingi, na zilizokamilika nilizokutana nazo ni chache mno. Kila moja niliivulia kofia. Si mzaha, niliivua kichwani mbele ya wenzangu wa maabara, na hakuna aliyecheka, kwa sababu nao walikuwa wameonja. Unasimama pale na glasi ya kitu chepesi kuliko chai, na unajiona mdogo.

Kwa hiyo kaa chini uonje tena. Niambie inanukia nini kabla hujanywa. Niambie kipi kinatangulia mdomoni na kipi kinafuata. Ukishameza, toa pumzi kwa pua uniambie kilichobaki. Usiruke kitu. Andika kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kunywa bia.

Na usinitumie chupa. Bia ya bomba haisafiri. Inataka kunywewa hapohapo ilipotokea.

Mjomba wako


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mama anasema goti hilo lisikusumbue, ni la ukoo. Pia anasema hakumsomesha binti kemia ili aje awapimie walevi, lakini hilo umeshalisikia. Mpangaji wetu wa chumba cha nyuma amehama na kutuachia jogoo. Hatujui tumfanye nini, na jogoo mwenyewe haonekani kuwa na haraka.

Nimekaa chini kama ulivyoniamuru. Soma taratibu.

Kabla ya kunywa: mkate. Si ganda lake, ni ule weupe wa ndani ukiuchana ungali moto. Nyuma yake kuna nyasi zilizokatwa asubuhi, bado zina umande. Halafu, ukisubiri bila kupumua kwa nguvu, kuna limau. Si maji yake, ni ganda tu, na kwa mbali, kama mtu analimenya akiwa chumba cha pili.

Ukinywa, baridi inatangulia, halafu unakuja utamu. Sasa huu utamu nimeukamata, usinicheke. Umewahi kutafuna punje kavu za nafaka muda mrefu, mpaka unga wake ukageuka sukari mdomoni? Ndio huo. Si wa kumiminiwa, ni wa kusubiriwa. Kabla hujauzoea unafika uchungu. Si wa dawa, ni uchungu wa jani. Unapita katikati ya ulimi na kusafisha kila kitu.

Ukimeza na kutoa pumzi, mkate unarudi mara moja, kidogo sana. Halafu hakuna kitu. Mdomo mweupe. Mjomba, hicho "hakuna kitu" ndicho kilichonifanya nishike kaunta. Nafaka, maua, maji na hamira, vitu vinne ambavyo havijuani, vimelala gizani kwa wiki kadhaa na kuamka vimepatana, na vikishapita haviachi hata unyayo. Nimesoma kemia, naweza kukuandikia kila hatua. Bado sielewi. Nilisimama nikitazama tangi kwa heshima ambayo sijawahi kumpa mwalimu yeyote.

Najua ulichosema kuhusu chupa. Lakini goti lako halitaki kuja na mimi nataka neno lako, basi nimekaidi. Kaptura ameifunga kwenye boksi la barafu na kumkabidhi shemeji yake anayeendesha basi la huko kwenu. Itakufikia bado baridi. Ndiyo ileile, nimeijaza kutoka kwenye bomba.

Mpwa wako,
Kidomo


6 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Jirani fundi cherehani amepata mjukuu na mtaa mzima haulali. Mkaza mjomba wako ameninunia tangu jana. Aliniachia maziwa jikoni niyaangalie, nami nilikuwa nimekaa palepale, jiko nimelipa mgongo, naisoma barua yako kwa mara nyingine. Maziwa yakaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi. Alikuja mbio kutoka uani, akanikuta nimetulia. Akasema nimeanza kuzeeka. Nikamwambia nilianza zamani.

Chupa ilifika salama. Yule dereva ni mtu wa maana.

Niliosha glasi, nikaiacha ikauke yenyewe, nikamimina mbele ya dirisha. Rangi safi, povu limetulia. Harufu ya mkate, ule wa ndani kama ulivyosema. Nyasi mbichi. Limau, na kweli ni la chumba cha pili. Utamu wa punje iliyotafunwa, halafu uchungu wa jani, halafu mdomo mweupe. Nilikaa na ile glasi mpaka jua likatoka dirishani. Sikumbuki lini bia ilinifanyia hivyo. Kidomo, kofia ilitoka.

Sina la kuongeza. Itoke. Fungua bomba.

Mjomba wako


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Jogoo hajambo.

Barua yako ilipofika nililia. Nikamsomea Kaptura, Kaptura akacheza katikati ya baa na ufagio. Tukaandika kwenye ubao wa nje: IJUMAA. Halafu nikafungua friji ya nyuma ya kaunta kutafuta kitambaa changu cha kufutia glasi, ambacho huwa nakiweka huko kipoe, na nikakuta chupa. Ina uzi mwekundu shingoni. Uzi huo niliufunga mimi mwenyewe, kuonyesha kwamba ndiyo ya kwako.

Nikaifungua. Ni laga. Iliyokufikia ni ile ya pembeni yake. Ngoja nikueleze ile ya pembeni ni nini. Ni masazo ya pishi la majaribio nililolichemsha nimefunika sufuria, harufu mbaya ikakosa pa kutokea, siku niliyokuwa na haraka. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa pua, Mjomba, inanuka maji yaliyochemshiwa kabichi, na kabichi yenyewe ya juzi. Naiweka ili niinuse kila ninaposhikwa na haraka. Kaptura hakujua maana ya uzi, akachukua iliyokaa mbele.

Umeniandikia mkate. Umeniandikia limau la chumba cha pili. Juu ya maji ya kabichi!

Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye neno lake ni neno. Sasa najiuliza umenipa pipi mara ngapi, kama mtoto wa kubembelezwa. Ile bia ya tangawizi niliyokupikia nikiwa chuoni, uliposema "mkono unakuja", ilikuwa pipi? Uliponiambia niache kazi ya maabara nianze yangu, ilikuwa pipi? Ubao nimeufuta. Bomba limefungwa. Tatizo si hasira tu. Tatizo ni kwamba mimi mwenyewe nimenyanyua glasi ya laga leo na sikujua kama ni nzuri au najidanganya. Ulimi wangu umelelewa na neno lako. Nikilitoa hilo, sina cha kuonjea.

Sikuomba kusifiwa. Niliomba ukweli.

Kidomo


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu, na zaidi ya mwezi umepita. Kila anapopita mtu wa posta, Mama anachungulia dirishani na kujifanya anatazama mvua.

Nilimwambia kuhusu chupa. Nilitegemea akutetee, au aseme ndiyo matokeo ya biashara ya pombe. Hakufanya hata kimoja. Alisema, "Kaka yangu hajui kusifia. Siku ya kwanza maishani mwangu nimepika, wageni wamejaa, akasema mbele yao chumvi imezidi. Nilimchukia mwaka mzima. Huyo hakusifii kwa huruma, hana huruma hiyo. Kuna jambo."

Nikazirudia barua zako zote. Maziwa yaliungua mpaka aliyekuwa uani akaja mbio, na wewe kiti chako kinagusa jiko. Wewe ambaye ukija kwetu ulikuwa unasema kutoka sebuleni nani amefungua siki jikoni. Barua zimekuwa fupi tangu mwaka jana. Uliniambia nikuandikie kama mtu ambaye hajawahi kunywa bia.

Mjomba, unanusa?

Mpwa wako


3 Juni

Mpwa wangu,

Leo naanza na jibu, salamu zitafuata. Nikianza na salamu nitaishia hapohapo.

Sinusi. Tangu ile homa ya mwaka jana, ile niliyowaambia ni mafua. Homa iliondoka ikaondoka na pua. Daktari alimulika na tochi, akasema huenda ikarudi. Siku hizi nikienda hasemi hata hiyo "huenda".

Nilijua kwa sabuni. Nilikuwa naoga, nikadhani tumebadilisha sabuni, nikauliza, nikaambiwa ni ileile. Nikaenda kunusa kitunguu. Nikanusa mafuta ya taa. Mwisho nikachukua khanga ya mkaza mjomba wako aliyoivua asubuhi, nikaifunika usoni. Hakuna kitu. Hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni, mtu mzima na mvi zangu.

Sikumwambia mtu, hata yeye. Nimemwambia jana, kabla sijashika kalamu hii. Alilia, halafu akanikasirikia upya kwa yale maziwa. Anasema siku ya chupa alitafuta soksi chafu nyumba nzima, akidhani ndizo zinazonuka.

Mjini hapa watu bado wananisimamisha barabarani: "Pua, onja hii, nusa hii." Natabasamu, nasema niko kwenye mapumziko. Mtu akiitwa Pua maisha yake yote, na pua ikaondoka, anayebaki ni nani? Ndiyo maana sikuwa na barua ndefu.

Sasa sikiliza habari ya chupa. Nilimimina, nikanusa, hakuna kitu. Nikaweka barua yako mbele ya glasi nikanywa nikisoma, mstari kwa mstari. Ulipoandika mkate, nikaupata mkate. Ulipoandika nyasi, zilikuja na umande wake. Nisikie vizuri: zilikuja. Tangu homa ile sikuwa nimenusa kitu, na siku ile nilinusa kwa macho. Sikuwa nakunywa chupa yako, Kidomo, nilikuwa nakunywa barua yako. Hiyo ndiyo niliyoivulia kofia, na kofia ilitoka kweli. Nilipaswa kukuambia nilichokuwa nakunywa. Niliona haya.

Ile bia ya tangawizi, mkono ulikuwa unakuja. Na uliacha maabara kwa sababu ulikuwa tayari. Hayo niliyasema nikiwa na pua yangu.

Lakini neno langu la sasa usilitumie. Tafuta mwonjaji mwingine, mwenye vifaa kamili.

Dada yangu msalimu. Mwambie chumvi ilikuwa imezidi.

Mjomba wako


15 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Barua yako nimemsomea Mama. Aliinuka. Akaenda kufua mashuka ambayo yalikuwa safi. Baadaye akasema kutoka uani, "Mwambie haikuzidi."

Nisamehe kwa hasira zangu. Nisamehe na kwa kutoliona jambo lako. Nimesoma mambo ya harufu chuoni miaka yote ile, na yaliyokuwa kwenye barua zako yakanipita.

Nimetafuta mwonjaji mwingine. Nimempata, ni mimi. Jana nilimtoa Kaptura nje, nikashusha viti vyote, nikavuta glasi moja. Nikanusa, nikanywa, nikatoa pumzi, hatua zote kama ulivyonifunza. Halafu nikasema kwa sauti kwenye chumba kitupu: "Itoke." Nilihisi nimeingia ofisini kwako na kukalia kiti chako. Lakini nimelisema mimi, na nikikosea nimekosea mimi. Kaptura alikuwa amebana sikio mlangoni. Nilisikia anapiga kelele barabarani.

Tunafungua Jumamosi ya kwanza ya Julai. Sikuiti uonje. Nakuita unywe. Goti lako sasa nalijua vizuri, kwa hiyo panda basi. Mkaza mjomba aje pia, paa litajivujia lenyewe.

Mama hajawahi kukanyaga baa yangu. Anasema ukija atakuja kukusalimu, na kama salamu itakukuta umekaa baa, hilo halitakuwa kosa lake.

Mpwa wako,
Kidomo


12 Julai

Kidomo, mpwa wangu,

Marahaba. Tulifika nyumbani salama. Mkaza mjomba wako alisinzia begani kwangu njia nzima na sasa anakana. Paa limetusubiri. Goti halijambo, na sitakuambia tena habari zake.

Pale kwenu sikusema mengi, uliona. Watu walikuwa wengi, nawe ulikuwa unakimbia huku na kule. Nakuandikia sasa.

Uliponiwekea glasi nilikuwa nimejiandaa kunywa maji baridi yenye mapovu na kukutabasamia. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi hilo tabasamu. Nikainua glasi kwenye dirisha. Nikaona bilauri za watu wengine kupitia yangu. Nikasogeza sikio, povu lilikuwa linanong'ona. Miaka yote ya kazi sikuwahi kulisikiliza povu.

Halafu nikanywa. Kidomo, nitakueleza jambo ambalo sikulijua. Pua ni mzungumzaji. Miaka yote ile niliponyanyua glasi, pua ilitangulia kusema, na ulimi ukawa unaitikia tu. Siku ile pua ilinyamaza, na kwa mara ya kwanza nikausikia ulimi ukizungumza peke yake. Utamu ulikuja na kukaa mahali pake, hapa mbele. Nikauhisi unavyoondoka, taratibu, ukimpisha mwenzake. Uchungu haukuniingia kwa fujo, ulipita katikati kama ulivyoandika, ukasafisha, ukaenda zake. Baridi ilishuka kifuani nikaifuata mpaka chini. Nilikuwa na uhakika kwamba sehemu hiyo ya bia ilikuwepo katika kila glasi niliyowahi kunywa, na kwamba nimeikosa maisha yangu yote kwa sababu nilikuwa nanusa. Nilishikwa na kicho. Nilitaka kusimama, nikakumbuka nimezungukwa na watu.

Mama yako alikuwa amekaa pembeni yangu, fimbo mapajani, ameangalia ukuta. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hupati kitu?" Nikamwambia ulimi napata, harufu sipati. Akachukua glasi yangu. Hakunywa. Aliinamisha uso wake ndani mpaka povu likamgusa pua, akafumba macho muda mrefu, halafu akaniambia sikioni: "Ni siku zile mama alipokuwa anaanika nafaka kwenye mikeka, na mvua ikaja tukakimbia kuikusanya." Basi. Akanirudishia glasi, akaanza kukuuliza bei ya vitambaa vya meza.

Barua yako haikuweza kuniambia hilo, maana hukuwepo. Nimekaa nayo tangu siku ile.

Sasa neno. Uliniita ninywe, si nionje, nami nilikunywa. Lakini mazoea hayana dawa, na sitaki tena kukuandikia kurasa za sifa ambazo hujui zimetoka wapi. Gesi imezidi. Kidogo sana, lakini imezidi. Inauchoma ulimi kabla utamu haujakaa sawa, na utamu wako unahitaji kukaa. Kwa harufu siwezi kukusemea, usiniulize. Kwa ulimi naapa. Ipunguze.

Mjomba wako


25 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu. Amenunua vitambaa vya meza.

Niliposoma barua yako nilimwambia Kaptura gesi imezidi. Akasema haijazidi, mita iko palepale tulipoiweka, na wateja wote wamesifu. Nami moyoni nilikuwa upande wake, nikuambie ukweli. Nilinusa, nikanywa, sikuona kitu cha kupunguza. Nikajiambia huenda ndiyo mambo ya ulimi uliobaki peke yake.

Halafu nikabana pua kwa vidole, nikanywa tena.

Mjomba, inachoma! Ni pale mbele kabisa, kabla ya kila kitu. Nilimwita Kaptura nikambana pua mimi mwenyewe, akanywa, akanitumbulia macho. Tulikuwa tumesimama hapo watu wazima wawili tumeshikana pua, mteja akaingia akatoka.

Tukapunguza gesi. Tukaiacha itulie. Jana tukavuta glasi mbili, na moja ya Mama, ambaye sasa anapita "kuangalia vitambaa". Siwezi kukuandikia vizuri kama ile mara ya kwanza. Utamu ulifika ukakaa. Nafasi ndogo tu iliongezeka, ukubwa wa pumzi moja, na ndani ya nafasi hiyo bia nzima ilifunguka. Kaptura alivua kofia yake ya kuchomelea. Mama aliishika glasi kwa mikono miwili na hakumwangalia mtu. Nami niliona haya, maana nilikuwa nimeshasema itoke, na nilidhani nimeijua.

Kwa hiyo nakuandikia kikazi. Harufu ni yangu, na nitaisimamia. Ulimi sina kama wako, na wala hakuna mwingine hapa mwenye nao. Tangi la pili tunalilaza wiki ijayo na litaamka mwezi wa tisa. Chumba cha nyuma kiko wazi tangu mpangaji ahame, na Mama ameshakitandika bila kuulizwa. Mkaza mjomba anaweza kuja na masharti yake yote.

Pembeni ya bomba Kaptura ameweka kiti kimoja kirefu. Wageni hawakikalii. Njoo na nguo zako za kazi, na ukifika usituambie kitu mpaka uwe umeonja.

Mpwa wako,
Kidomo